Kipande cha Baba Yetu nilichoshindwa kukisema kwa karibu miaka miwili

#1 Fundi Alumini (mleta uzi)

Wakuu, amani iwe kwenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo mvua imenifungia dukani, umeme umekatika, mashine haiwezi kukata hata profaili moja, na simu ina chaji. Basi ngoja niumalize.

Humu nyuzi za "namna ya kukua kiimani wakati wa majaribu" ni nyingi, na karibu zote zina hatua zilezile: omba zaidi, funga zaidi, toa zaidi, soma Neno zaidi. Sizipingi. Ila mimi hizo hatua nilizipanda zote, na nilipofika juu ndipo imani yangu ilipokaribia kuzimika. Nisimulie kwanza, mnihukumu baadaye.

Naishi Mwanza, kazi yangu madirisha na milango ya alumini. Mlutheri wa kuzaliwa, kipaimara nilipata, kwaya niliimba mpaka sauti iliponikatalia. Binti yetu wa pili alipofika miezi minane alivimba vidole vya mikono na nyayo zote mbili. Tukadhani kaumwa na mdudu. Bibi yake akasema ni meno. Baada ya hapo ikawa homa, damu kushuka, kulazwa, kuongezewa damu, kurudi nyumbani, kulazwa tena. Tulizunguka mwaka na zaidi kabla mtu hajaandika kipimo cha selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi). Majibu yakaja: SS, yaani anao ugonjwa.

Hapa pana kitu lazima nikiri, maana bila hiki uzi wote ni uongo. Kabla ya majibu, ndugu zangu walikuwa wameshatoa hukumu yao. Kwa kina mke wangu walishakufa watoto wawili wadogo, kwa hiyo "ule ukoo una kitu". Waliyasema sebuleni kwangu, mke wangu yuko jikoni. Mimi sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilinyamaza, na kimya kile mke wangu alikisikia vizuri kuliko maneno yao.

Siku ya majibu daktari aligeuza fomu upande wa nyuma akatuchorea. Baba akiwa AS (amebeba chembe ya kurithi bila kuugua) na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto SS. Akasema nendeni mkapime wote. Tukapima. AS na AS. Yaani "kitu" cha ukoo nilikuwa nakitembeza na mimi mwilini, miaka yote nikijiona mzima kama ng'ombe dume. Tulikaa kwenye benchi la nje, mke wangu hakusema neno. Aliikunja ile karatasi yenye mchoro akaiweka ndani ya Biblia yake. Mpaka leo ipo, kwenye kitabu cha Maombolezo. Sijawahi kumuuliza kama ni makusudi au ndipo Biblia ilipofunguka.

Ungetegemea nimwombe radhi siku ileile. Wapi! Nilikimbilia kwenye maombi. Nilifunga siku 21. Nikaenda mikesha. Nikahamia kwa muda kwenye huduma moja, sitaitaja, ambako nabii aliniambia damu ya mtoto itabadilishwa nikipanda mbegu "inayouma". Fundi kinachomuuma ni mashine yake. Niliuza mashine ya kukatia, nikapeleka bahasha. Nikaambiwa pia kumpa mtoto vidonge kila siku ni kukiri ugonjwa. Mke wangu alikataa katakata kuacha vidonge vya foliki, alikuwa anampa usiku nikishalala. Nilikuja kujua baadaye. Namshukuru Mungu kwa ule uasi wake.

Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Nilimfanya Mungu fundi, mimi nikawa mteja. Nimelipa malipo ya awali: siku 21, mikesha minne, mashine moja. Sasa nasubiri mzigo wangu. Mzigo usipokuja, kinachofuata kwa mtu aliyelipa ni hasira tu.

Usiku mmoja mtoto alikuwa na miaka mitatu, maumivu ya mifupa yalimshika kwenye paja. Wale mnaoijua sikoseli mnajua kile kilio, si cha njaa wala cha deko. Mama yake alikuwa amekumbatia ule mguu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia bomba lililopasuka. Nikatoka nje ya wodi, kwenye bomba la kufulia, nikasema niombe. Maneno ya mikesha yote yalikuwa yameisha. Nikaanza Baba Yetu kama mtoto wa Sunday School. Nilipofika "mapenzi yako yatimizwe" nikakwama. Ulimi ulikataa. Kama haya ndiyo mapenzi yake, mimi siyatii sahihi yangu. Nikaruka hapo, nikaenda kwenye mkate wa kila siku.

Tangu usiku ule, karibu miaka miwili, nilikuwa nakiruka kile kipande. Nilirudi kanisani kwetu kwa sababu ya aibu tu (ile huduma nyingine nilikuwa nimeishiwa vya kupanda), nasimama na wengine, tunasema Baba Yetu, tukifika pale nafunga mdomo. Nilidhani hakuna anayejua.

Kuna mzee wa jumuiya yetu, mstaafu wa reli, alikuwa anakaa benchi letu. Nikaanza kugundua kwamba kila tukifika pale nilipokuwa nanyamaza, yeye anapandisha sauti. Kidogo tu, si ya kuvuta watu, kama mtu anayelipa nauli ya wawili. Jumapili ya tatu au ya nne nikamfuata nje, nikamwambia, "Shikamoo baba. Naona umenigundua." Akasema, "Marahaba mwanangu. Sehemu hiyo wewe nyamaza tu. Nitakusemea. Siku ukiweza utasema mwenyewe."

Hakuniuliza kwa nini wala hakunipa mstari. Akauliza kama tumeshapata mtu wa kushika zamu wodini tukilazwa tena.

Na tulilazwa tena. Yule mzee alikuja na kigoda chake na chupa ya chai. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanakuja jioni, wanachukua mashuka na kanga zilizolowa, asubuhi zinarudi zimefuliwa na kunyooshwa. Mmoja alikuwa analeta uji wa ulezi. Hakuna aliyepiga kelele za kukemea pale wodini. Mzee alituambia tulale, akakaa ameshika ule mguu mdogo mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nilizinduka nikamkuta anasinzia lakini mkono hajautoa.

Nilikuja kuisoma upya Marko 2, habari ya mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari. Nimeisikia hiyo tangu mtoto, na sikuwahi kuona neno moja dogo: "Yesu, alipoiona imani *yao*." Yao. Yule aliyelala kitandani hatuambiwi imani yake ilikuwa na ukubwa gani. Huenda hakuwa nayo kabisa siku ile. Huenda alikuwa anawaambia jamaa zake nishusheni, mnanichosha.

Miaka yote nilihesabu imani kama msuli: ukikua, unainua uzito zaidi peke yako. Kumbe kwangu mimi kukua kulianza siku nilipokubali kubebwa kama mzigo. Na baada ya hapo tu ndipo nilipoweza kuzungumza na mke wangu kuhusu kile kimya changu cha sebuleni. Nilimwomba radhi miaka mitatu baada ya kosa. Akaniuliza, "Leo ndiyo umekumbuka?" Halafu akalia, halafu akacheka. Yote matatu kwa mpangilio huo.

Wadau mliopita kwenye tope, swali langu ni moja. Mliposhindwa kuamini, nani alikuwa anaamini kwa niaba yenu?

#2 Mama Pacha

Nimesoma mpaka mwisho na chakula kimeungua jikoni, utanilipa.

Mimi ni Mkatoliki. Nilijifungua mapacha, mmoja akaishi siku nne. Watu wakaniambia Mungu alikuwa anahitaji ua zuri bustanini kwake. Nikawa nawaza, Mungu mwenye bustani kubwa hivyo anakuja kuchuma kwenye kopo langu? Rozari niliiweka kabatini.

Jumuiya walikuja kusali kwangu kama zamu ilivyopangwa. Nikawaambia mimi sisali. Mwenyekiti wetu akasema sawa mama, wewe kaa, shika mtoto. Wakasali rozari nzima mimi natazama ukuta. Wiki zilizofuata vivyo hivyo. Hakuna aliyenipangia muda wa kupona.

Tena someni Ruthu sura ya kwanza. Naomi anarudi Bethlehemu anawaambia wanawake wasimwite Naomi, wamwite Mara, maana Mwenyezi amemtenda uchungu sana. Mbele za watu! Na hapo hakuna hata mmoja anayemkemea. Ruthu naye kesho yake haanzi kumhubiria, anakwenda shambani kuokota masuke ili wapate kula.

#3 Mkorofi Mstaarabu

Pole mkuu, kwa dhati. Lakini niulize bila kejeli. Waliofua mashuka ni watu. Aliyeshika mguu ni mtu. Foliki imetengenezwa kiwandani. Mungu hapo kafanya nini? Na kama angeweza kumponya mtoto, mbona hajamponya? Mimi niliacha kanisa kwa swali hilohilo.

#4 Askari wa Msalaba

Mleta mada tahadhari na ulimi wako juu ya watumishi. Unajuaje kama hukupungukiwa kidogo tu ufikie muujiza wako? Wengi huacha maombi dakika ya mwisho. Kufunga kuna nguvu, Yesu mwenyewe alifunga siku arobaini. Usiwavunje moyo walioko vitani.

#5 Fundi Alumini (mleta uzi)

Mama Pacha, hiyo ya kopo nimemsomea mke wangu, amekaa kimya muda mrefu. Pole sana dada.

Askari wa Msalaba, kufunga sikukatai. Mpaka leo nafunga Kwaresima. Ila Yesu alipofunga siku arobaini, shetani ndiye aliyemwambia ageuze mawe yawe mkate, na yeye akakataa. Mimi nilifunga ili nigeuze njaa iwe damu ya AA, ile isiyo na selimundu. Na hilo la "ulipungukiwa kidogo" ndilo neno lililonila zaidi ya ugonjwa wenyewe. Linamwambia baba aliyelala sakafuni wodini kwamba mtoto analia kwa sababu yeye hakufikisha kiwango. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema kitu na walikuwa wanafanya vizuri kabisa. Walipofungua mdomo na kuanza kumtafutia kosa lake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu ni wao walioambiwa hawakunena yaliyo sawa.

Mkorofi, swali lako ni halali na sina jibu la kukupa la "mbona hajamponya". Ayubu mwenyewe aliuliza kitabu kizima, Mungu alipokuja akamletea maswali mengine. Nikikupa jibu hapa nitakuwa nimetunga.

Ila nikuambie nilikofika na lile neno lililonikwama. Mimi nilikuwa nalisikia kama "mapenzi yako yametimia". Yaani ugonjwa huu ndio mapenzi yako, nami napiga muhuri. Siku moja nafunga kioo cha mteja, silikoni mkononi, likanijia kwamba tunasema *yatimizwe*. Mtu haombi kitimizwe kitu ambacho kimeshatimizwa. Sala yenyewe inakiri kwamba hapa duniani bado, si kama huko mbinguni. Basi kumbe niliposimama pale bombani nikasema "hii siyo sawa", nilikuwa ndani ya sala, sikuwa nje yake. Hilo halikujibu wewe, najua. Lilinitosha mimi kurudi kwenye benchi.

#6 Nesi wa Zamu

Naingilia kidogo kwa upande wa kazi, kisha naondoka.

Mlioko kwenye hali hii, dawa hazigombani na Mungu. Watoto wa selimundu wanapewa foliki kila siku, penisilini mara mbili kwa siku mpaka miaka mitano kwa sababu maambukizi huwaua haraka, na wapo wanaoanzishiwa haidroksiyurea ambayo hupunguza yale maumivu. Maji mengi, wasipigwe baridi, wakingwe na malaria. Homa kwa mtoto huyu ni dharura, usisubiri ibada iishe wala kupambazuke. Mwenye AS si mgonjwa, anaishi maisha yake, ila vijana mnaokwenda kufunga ndoa pimeni mjue. Kanda ya Ziwa tunawaona wengi sana.

Nimeshuhudia wazazi wakirudi na mtoto amechelewa kwa sababu waliambiwa waache dawa. Nimewahi kufunika mtoto huku baba ananiuliza kama imani yake ilikuwa ndogo. Sikuwa na jibu la kinesi. Nilimwambia, baba, hukukosea kumpenda. Mimi ni Msabato, nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo nikalia na sare yangu, halafu nikarudi kumalizia zamu.

#7 Mjukuu wa Murang'a

Habari kutoka Kenya. Nyanya yangu alikuwa mlokole, wale wa uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukavuka Uganda mpaka kwetu. Wakati wa Mau Mau, vita vya kumpinga mkoloni Kenya miaka ya 1950, walokole wengi walikataa kula kiapo, na walikataa pia kubeba bunduki za mzungu. Basi wakawa hawana upande. Wengine waliuawa na majirani zao. Nyanya alisalimika, dada yake hakusalimika.

Nilimuuliza nikiwa sekondari kama hakumkasirikia Mungu. Akaniambia alikasirika, tena aliungama hiyo hasira kwenye fellowship, mbele ya wote, kwa sababu walikuwa na desturi ya "kutembea nuruni", hufichi. Nikamuuliza walimwambia nini. Akasema wimbo waliupandisha tu, wakaimba mpaka akapata sauti ya kuingia.

Nikisoma habari za huyo mzee wa reli, nikamkumbuka.

#8 Kijana wa Daladala

Mimi gari yetu ina Yeremia 29:11 kioo cha nyuma, maandishi ya dhahabu. Mawazo ya amani wala si ya mabaya. Juzi nikasema ngoja nisome iliyo juu yake. Kumbe mstari wa 10 unasema miaka sabini! Na walioandikiwa wako uhamishoni Babeli, wanaambiwa wajenge nyumba, walime bustani, waoe, wauombee amani mji uliowateka. Nikamwambia bosi tuongeze na mstari wa 10 kwenye kioo. Amekataa, anasema abiria watashuka.

#9 Mkorofi Mstaarabu

Kijana wa Daladala umeniua hapo mwisho.

Fundi, asante kwa kutonidanganya. Sijarudi kanisani na sikuahidi kitu. Ila hiyo ya "yatimizwe" nimeilalia. Mama yangu aliwahi kuniambia, "Wewe usiposali, mimi nasali kwa wawili." Nilimjibu vibaya. Kesho nampigia.

Halafu hujamalizia. Ulianza kukisema lini hicho kipande? Na mzee yupo?

#10 Fundi Alumini (mleta uzi)

Mpigie leo mkuu, si kesho.

Nilianza Jumapili ya kawaida kabisa. Mtoto hakuwa amepona, wiki iliyotangulia tu alikuwa ameongezewa damu. Mzee alikuwa amesafiri Tabora kwenye msiba. Tukasimama, tukaanza Baba Yetu, tukafika pale, nikasubiri sauti yake upande wa kulia kama nilivyozoea. Kimya. Nikasikia pengo limekaa pale benchini, na kabla sijafikiri nikawa nimelisema. Kwa sauti ndogo, na ilinitoka mbaya, kama mlango wenye raba iliyokauka.

Aliporudi nikamweleza. Akatikisa kichwa tu, akasema "Haya". Siku nyingine, tukiwa wodini, ndipo aliponiambia kitu ambacho hakuwahi kukisema jumuiyani. Mwaka 1984 alizika mtoto wa kiume wa miaka mitano, alikuwa anavimba vidole na kulia usiku vilevile, na hakuna aliyewahi kuwaambia jina la ule ugonjwa. Alipomwona binti yangu amebebwa kanisani mara ya kwanza, vidole vimevimba, alijua. Ndiyo maana alihamia benchi letu. Mimi nilidhani ndipo alipokuwa akikaa siku zote.

Yupo, anachechemea sasa, magoti. Jumamosi jumuiya ipo kwangu, na mke wangu ameniagiza nikamchukue kwa bajaji saa kumi na mbili kasoro asubuhi.

Binti ana miaka minane. Yuko darasa la pili, mwaka huu amelazwa mara moja tu. Anachukia kunywa maji kuliko alivyochukia sindano. Umeme umerudi na mvua imekatika, lakini nimepigiwa simu kutoka nyumbani. Chupa ya pili ya leo haijaguswa, na mhusika amejificha chumbani kwa bibi yake.